Miaka 11 baada ya kuumia uti wa mgongo: kwa nini choo kimebadilika?

Msomaji wetu wa Tanga, mwanamume wa miaka 38, ametuandikia barua ndefu. Kwa ufupi anasema hivi: alianguka kutoka juu ya mnazi miaka 11 iliyopita, akavunjika pingili ya T10 (ya kumi kati ya pingili za mgongo zilizo nyuma ya kifua), na tangu siku hiyo hatembei. Hospitalini alifundishwa kutoa choo kila baada ya siku moja kwa sapozitori (dawa ya kuingiza njia ya haja) na kidole, na kwa miaka mingi kazi hiyo iliisha ndani ya nusu saa. Miaka miwili hii mambo yamegeuka. Anakaa kwenye kiti cha choo kwa muda wa saa mbili na kinachotoka ni kidogo, halafu mchana kutwa choo chepesi kinavuja kwenye nguo. Ameongeza pumba za ngano kwenye uji, anameza vidonge vya kuzuia kuharisha, ameacha kusafiri, na kila Ramadhani hali huwa mbaya zaidi. Mkewe ndiye anayefanya kazi yote. Daktari mmoja amemtajia upasuaji wa kutolea choo tumboni. Anauliza: "Je, utumbo wangu unakufa? Na nikubali kukatwa?"

Jibu

Ndugu yangu, utumbo wako haufi. Naanza na hilo kwa sababu naona ndilo linalokunyima usingizi. Na kwa jinsi ulivyoeleza, nashuku kwamba huharishi hata kidogo. Umefunga choo.

Najua inashangaza kuambiwa hivyo wakati nguo zinalowa. Lakini choo kikikaa siku nyingi kwenye utumbo mpana, maji yake hufyonzwa, kinakauka na kushikamana. Kile kinachoshuka kutoka juu kikiwa bado majimaji hupenya pembeni, kama maji ya mtaro yaliyokuta rundo la taka. Wewe unaona majimaji, unameza loperamidi, yaani hivyo vidonge vya kuzuia kuharisha, na loperamidi inazidi kuupunguza kasi utumbo ambao tayari ulikuwa mzito. Hivyo kinachovuja kinapungua kwa siku mbili tatu, rundo linaongezeka, kisha kinavuja zaidi. Nimeona watu wakizunguka kwenye duara hilo kwa miaka, wengine wakipewa dawa za minyoo na za amiba mara kwa mara bila choo chao kupimwa.

Kwa hiyo simamisha vidonge hivyo, uende hospitali ukapimwe tumbo kwa mkono, upimwe puru (sehemu ya mwisho ya utumbo mpana) kwa kidole, na upigwe picha ya eksirei ya tumbo. Picha ni muhimu hata kama kidole hakikukuta kitu, kwa maana rundo linaweza kuwa juu zaidi, mahali ambapo kidole hakifiki. Kama limejaa, kwanza lisafishwe: choo kigumu kilicho karibu kitolewe kwa mkono, kisha dawa ya kuvuta maji kwenye utumbo, kama makrogoli, itolewe kwa siku kadhaa chini ya uangalizi. Usianze kujitibu nyumbani kwa mafuta ya nyonyo au bomba la maji ya sabuni. Sabuni huunguza ukuta wa utumbo, na wewe hutahisi unavyoungua.

Na hapa naomba mkeo asome pia. Mtu asiyehisi tumbo hapati yale maumivu yanayowakimbiza wengine hospitali. Mkiona tumbo limejaa na kukaza, hamu ya kula imekwisha, unatapika, au miguu inakakamaa kuliko kawaida bila sababu, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa nikueleze kwa nini kitu kilichofanya kazi miaka tisa kimeacha kufanya kazi. Utumbo una neva zake wenyewe ndani ya kuta zake, ndiyo maana unaendelea kusukuma chakula hata baada ya uti kukatika. Kinachopotea ni mawasiliano na ubongo: huhisi kujaa, huwezi kubana kwa hiari, huwezi kusukuma kwa misuli ya tumbo kama zamani. Lakini kule chini kabisa, kwenye sehemu ya uti yenye neva za S2 hadi S4, kuna kituo kidogo kinachoweza kufungua mlango wa haja bila kuuliza ubongo. Jeraha lako la T10 liko juu ya kituo hicho, kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa kwamba kwako kiko hai. Kidole na sapozitori hufanya kazi kwa kukiamsha. Muuguzi anaweza kuhakikisha kwa dakika moja: akigusa kwa ncha ya pini ngozi iliyo pembeni mwa njia ya haja, msuli ukijikunja papo hapo, kituo kinaitikia.

Wenzako walioumia chini zaidi hawako hivyo. Kwa mtu mzima uti wenyewe huishia karibu na pingili ya L1 au L2, zile za kwanza za kiunoni, na aliyevunjika hapo au chini yake huwa ameumia kituo chenyewe au neva zake. Kwake msuli wa mlango umelegea, kidole hakiamshi kitu, na sapozitori humsaidia kidogo sana. Yeye hutoa choo kwa mkono, kila siku au hata mara mbili kwa siku, na anahitaji choo kigumu kidogo ili kisiteleze chenyewe. Wewe unahitaji choo laini kilichoshikana, ile namba 4 ya chati ya Bristol, ile picha ya aina saba za choo ambayo hospitali nyingi huibandika ukutani. Nasisitiza tofauti hii kwa sababu watu wawili wanaotumia viti vya magurudumu hukutana kliniki, wakapeana mbinu, na mbinu iliyomwokoa mmoja ikamharibia mwingine.

Tatizo ni kwamba kadiri miaka inavyopita, kufunga choo huongezeka kwa watu wenye jeraha la uti. Mwendo wa utumbo mpana ni wa polepole tangu mwanzo, na puru inayokaa imejaa kwa muda mrefu hutanuka. Ikishatanuka, kile kituo huitikia kwa uzito, kwa kuwa huamka pale ukuta wa puru unapovutwa ghafla. Bawasiri hujitokeza. Umri nao una sehemu yake. Ratiba uliyofundishwa mwaka wa kwanza ilitengenezwa kwa ajili ya mwili wa mwaka wa kwanza, na ilipaswa kupitiwa upya kila mwaka hata ulipokuwa huna malalamiko. Kwetu hilo halifanyiki. Mgonjwa huruhusiwa kutoka, hupewa tarehe ya kibofu na ya vidonda, na choo hakuna anayekiuliza tena.

Katika barua yako kuna sentensi moja uliyoipitia haraka: kwamba miaka mitatu iliyopita ulianzishiwa dawa ya kibofu, na baadaye dawa ya usiku ya maumivu ya kuungua miguuni. Hukutaja majina, lakini dawa za kibofu zinazotumiwa sana kwa watu kama wewe ni oksibutinini na tolterodini, na ya maumivu hayo mara nyingi huwa amitriptilini. Zote hizo hukausha na hupunguza mwendo wa utumbo. Dawa za maumivu za tramadoli na kodeini hufanya hivyo zaidi, na vidonge vya madini ya chuma navyo huchangia. Angalia tarehe: dawa zilianza, na ndani ya mwaka choo kikaharibika. Usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe, kwa sababu kibofu kisichotulizwa kinaweza kudhuru figo, na figo ni jambo kubwa kuliko choo. Chukua makasha yake yote, uyaweke mezani kwa daktari, umuulize kama kipimo kinaweza kupunguzwa au dawa kubadilishwa. Hata kama jibu ni hapana, sasa mnajua kwamba dawa ya choo inabidi iongezwe ili kuzifidia.

Kuhusu pumba za ngano, aliyekushauri alikutakia mema. Kwa mtu ambaye hajaumia uti ushauri huo ni wa kweli. Kwako ni tofauti. Mwaka 1996 watafiti wa Australia waliwaongezea pumba watu 11 wenye jeraha la uti, na muda wa choo kupita kwenye utumbo mpana ukaongezeka, kutoka wastani wa saa 28 hivi hadi saa 42. Watu 11 ni wachache, lakini matokeo hayo yanalingana na ninayoyaona kazini: mzigo mkubwa kwenye utumbo mzito huongeza rundo. Acha pumba. Mchicha, maharage kiasi, papai, tembele na ugali wa dona vinakutosha. Ukitaka kuongeza, ongeza kidogo kidogo na uangalie choo kinasemaje. Maji yafikie kama lita mbili kwa siku, mradi ratiba yako ya kutoa mkojo inaruhusu. Mkojo ukiwa na rangi hafifu, maji yanatosha.

Baada ya tumbo kusafishwa ndipo tunajenga ratiba upya, na kwa miezi ya mwanzo ningekutaka uifanye kila siku badala ya kila baada ya siku moja, ili puru ipumzike kujaa. Chagua saa na usiibadilishe. Utumbo husukuma kwa nguvu zaidi baada ya chakula au kinywaji cha moto, basi kunywa chai na uji, ngoja dakika 20 hadi 30, kisha anza. Kama umepewa vidonge vya sena, vimeze saa 8 hadi 12 kabla, maana yake usiku kwa ajili ya asubuhi. Majani ya sanamaki yanayouzwa madukani ni mmea huo huo, ila kipimo chake hakijulikani: leo kikombe kimoja hakifanyi kitu, kesho kinakuharisha ukiwa msikitini. Kwa mtu asiyeweza kubana, mimi nachagua kidonge chenye kipimo kinachojulikana.

Sasa sapozitori, ambayo nadhani ndiyo inayokuangusha. Lazima iguse ukuta wa puru. Ikichomekwa katikati ya choo inayeyukia humo na haiamshi kitu, na mtu hubaki kusema dawa imezoeleka. Kwanza ingiza kidole chenye glovu na jeli, toa choo kilicho karibu, ndipo uiweke juu, ubavuni, ikigusana na ukuta. Bisakodili ya miligramu 10 ndiyo yenye nguvu kuliko gliserini. Zipo zilizotengenezwa kwa mafuta na zipo za kuyeyuka kwenye maji; hizi za pili hufanya kazi haraka zaidi, kwa hiyo mwulize mfamasia. Joto la pwani huziharibu, zihifadhi mahali pa baridi.

Baada ya robo saa hivi, ingiza kidole sentimita 2 au 3, polepole, hadi msuli ulegee, kisha kizungushe taratibu ukigusa ukuta kwa sekunde 15 hadi 20. Kitoe. Ngoja dakika 5 hadi 10, rudia. Wakati unangoja, sugua tumbo: anzia chini kulia, panda hadi kwenye mbavu, vuka kwenda kushoto, shuka. Ukiona umerudia mara mbili mfululizo, kwa kuachanisha dakika kumi, na hakuna kilichotoka, umemaliza. Kucha ziwe fupi. Ikiwa ngozi yako inawasha au inavimba ukigusa glovu za kawaida, tafuta zisizo na lateksi, kwa sababu mzio huo huwapata sana watu wanaogusana nazo kila siku.

Lengo ni kumaliza ndani ya saa moja. Kukaa saa mbili kwenye kiti cha plastiki kilichotobolewa kunanitia hofu kuliko hata choo chenyewe, kwa maana makalio yako hayahisi ukingo unavyokata ngozi, na kidonda cha mgandamizo kinaweza kukulaza kitandani miezi. Weka godoro la sponji lililofunikwa kwa turubai laini kuzunguka tundu, na uangalie ngozi kwa kioo kila ukimaliza. Siku ukiwa na kidonda, fanya kazi hiyo kitandani ukiwa umelalia ubavu wa kushoto.

Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha chakula, saa, dawa na kiti wiki moja, hutajua kipi kimesaidia na kipi kimeharibu. Kila badiliko lipe angalau mara tatu hadi tano za kwenda choo kabla ya kulihukumu, na uandike kwenye daftari: saa ya kuanza, saa ya kumaliza, choo kilikuwaje, kama kilivuja. Daftari hilo la mwezi mmoja lina thamani kwa daktari kuliko maelezo ya nusu saa.

Jambo jingine, nalisema kwa heshima. Jeraha la T10 limekuachia mikono mizima. Mkeo amekusaidia miaka 11, Mungu amlipe, lakini kazi hii unaweza kuifanya mwenyewe ukifundishwa kukaa sawasawa, na kuna vifaa vya kurefushia mkono kwa wasiofika. Muulize mtaalamu wa tiba kazi. Wanandoa wengi huniambia, kwa sauti ya chini na kila mmoja peke yake, kwamba ni vigumu kuwa mke usiku kwa mtu uliyemtolea choo asubuhi. Ukiichukua kazi hii mikononi mwako, ndoa yenu nayo inapumua.

Ramadhani. Hali huharibika kwa sababu mbili: maji yamepungua, na kile chakula cha asubuhi kinachouamsha utumbo hakipo. Hamishia ratiba yote usiku. Futuru kwa kitu cha moto, ngoja nusu saa, fanya kazi yako, ndipo uende tarawehe ukiwa na utulivu. Gawanya maji kati ya futari na daku badala ya kuyanywa yote kwa pamoja. Ukiifanya usiku, suala la kuingiza dawa mchana wa saumu halijitokezi. Na kama daktari amesema kufunga kunadhuru kibofu au figo zako, mpelekee sheikh wako maneno hayo. Ruhusa ya mgonjwa ipo.

Kwa wasomaji wengine walioumia T6 (karibu na katikati ya kifua) au juu zaidi, hasa shingo, kuna hatari ambayo haikuhusu wewe moja kwa moja. Puru iliyojaa, au kidole kilichoingizwa kwa nguvu, inaweza kupandisha presha ghafla: kichwa kinagonga, uso unakuwa mwekundu au moto, jasho linatoka juu ya jeraha, moyo unapiga polepole. Watu hawa presha yao ya kawaida mara nyingi ni ya chini, hivyo 140 kwao inaweza kuwa dharura hata kama muuguzi asiyewajua ataiona ni nafuu. Acha mara moja, mkalishe wima, legeza nguo na mkanda, hakikisha mpira wa mkojo haujapinda. Kama presha haishuki, ni hospitali, kwa sababu inaweza kuleta kiharusi. Kwao jeli yenye dawa ya ganzi, ikiwekwa dakika chache kabla ya kidole, ni kinga nzuri.

Ikiwa ratiba hii, ikifuatwa kwa uaminifu, haikutosha, kuna hatua kabla ya kisu. Kuna vifaa vya kuosha utumbo kwa maji ya uvuguvugu kupitia njia ya haja, vyenye mpira unaojaa hewa ndani ili maji yasirudi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006, uliofanyika katika nchi tano za Ulaya kwa watu 87 wenye jeraha la uti, ulionyesha kwamba waliotumia njia hiyo walifunga choo na kuvujiwa kwa kiasi kidogo kuliko waliobaki na njia za kawaida. Kwetu vifaa hivyo ni ghali na havipatikani kirahisi, na ni lazima mtu afundishwe, kwa kuwa utumbo unaweza kutoboka, ingawa ni nadra. Usijaribu kuviiga kwa mpira wa bustani au bomba la kununua dukani.

Sasa upasuaji. Daktari wako hakukutukana kwa kuutaja. Watu wengi husikia "mfuko tumboni" wakaelewa kwamba wameshindwa, au kwamba ni saratani. Lakini katika utafiti mmoja wa Uingereza wa mwaka 2003, watu wenye jeraha la uti waliofanyiwa upasuaji huo walipunguza muda wa kushughulikia choo kutoka zaidi ya saa 10 kwa wiki hadi chini ya saa 2, na wengi wao walitamani wangeelezwa mapema. Nawaamini. Una mikono mizima, na mfuko utaubadilisha mwenyewe. Kwa upande mwingine, ni upasuaji wenye hatari zake: ngiri pembeni mwa tundu, ute unaoendelea kutoka njia ya zamani, ngozi kuungua mfuko usipokaa vizuri.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: si sasa. Safisha tumbo, pitia dawa, jenga ratiba, ujipe miezi mitatu hivi. Kama umevuja damu, na hasa kama umepungua uzito, uchunguzi wa utumbo kwa kamera ufanyike bila kusingizia bawasiri. Baada ya hapo, ukiona bado maisha yako yanazunguka choo, rudi kwa daktari wa upasuaji bila aibu, ukiwa na maswali mawili. La kwanza, mifuko nitaipata wapi kila mwezi na kwa bei gani? Usikubali kukatwa kabla ya kupata jibu linaloeleweka, maana nimewaona watu wakifunga mifuko ya nailoni ya sokoni na ngozi ikachubuka. La pili, tundu litakaa wapi? Alama iwekwe siku moja kabla, wewe ukiwa umekaa kwenye kiti chako cha magurudumu na nguo zako za kila siku, juu ya mkunjo wa tumbo, mahali macho yako yanapoona na mkono wako unapofika.